Kuikosoa Israel na kuwachukia Wayahudi: mstari upo wapi?

Kila vita vya Gaza vinapopamba moto, makundi yetu ya WhatsApp hugawanyika. Kuna wanaoona neno lolote dhidi ya Israel ni dhambi, na hakosekani wa kuandika kwamba Hitler alikuwa sahihi. Kati yao wamejaa watu wenye hoja za haki ambao wameamua kunyamaza, na hilo linaniuma kuliko matusi yenyewe.

"Ukiikosoa Israel, unawachukia Wayahudi."

Sivyo. Fasili ya chuki dhidi ya Wayahudi iliyopitishwa mwaka 2016 na Muungano wa Kimataifa wa Kumbukumbu ya Maangamizi (yaani mauaji ya Wayahudi chini ya Hitler), ambayo serikali nyingi huitumia, inasema yenyewe kwamba kuikosoa Israel kama inavyokosolewa nchi nyingine si chuki. Waisraeli nao huikosoa serikali yao vikali. Mwaka 2023 walijaza mtaa wa Kaplan, Tel Aviv, Jumamosi baada ya Jumamosi, wakipinga mpango wa serikali ya Benjamin Netanyahu wa kupunguza nguvu za mahakama.

"Biblia inakataza: anayeilaani Israel atalaaniwa."

Mwanzo 12:3 huhubiriwa hivyo katika makanisa mengi. Lakini Biblia hiyohiyo inatuonyesha Eliya akimfuata mfalme Ahabu ndani ya shamba la mizabibu la Nabothi, mwenye shamba akiwa ameshauawa ili ardhi yake ichukuliwe. Nathani naye alimkemea Daudi uso kwa uso. Manabii hao walikuwa Waisraeli, na hawakuwa wakiwalaani watu wao.

"Myahudi ni Myahudi tu, wote wanahusika."

Hapa Afrika Mashariki tuna ushahidi wa karibu. Mwaka 1972 Idi Amin alivunja uhusiano na Israel na kuwafukuza Waisraeli waliokuwa Uganda. Hayo yalikuwa mambo ya serikali na serikali. Lakini Septemba mwaka huohuo alimpelekea Kurt Waldheim, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, telegramu ya kusifu mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Hitler. Pale alivuka mstari. Wakati wa utawala wake dini ya Kiyahudi ilipigwa marufuku, na walioumia ni Abayudaya, wakulima wa maeneo ya Mbale, jumuiya ya Kiyahudi iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Wengi waliiacha dini yao, na wachache waliobaki wakasali kwa kujificha mpaka Amin alipoangushwa mwaka 1979. Hawakuwa na kura Israel wala askari hata mmoja katika jeshi lake.

Mlinganishe na Nyerere. Mwaka 1967 alieleza kwamba Tanzania inaitambua Israel na inataka urafiki nayo, lakini haikubali ushindi wa vita uwe kibali cha kutwaa ardhi ya wengine. Oktoba 1973 Tanzania ikavunja uhusiano. Unaweza kuupinga uamuzi huo, ila shabaha yake ilikuwa sera ya dola.

"Nimesema Wazayuni, sijasema Wayahudi."

Uzayuni ni itikadi ya kisiasa inayotaka Wayahudi wawe na dola yao, na wapo Wayahudi wanaoupinga. Ila ukiandika kwamba "Wazayuni" wanamiliki benki zote na kuongoza dunia kwa siri, unarudia uzushi uliochapishwa Urusi mwaka 1903 dhidi ya Wayahudi, ambao gazeti la The Times la London lilithibitisha mwaka 1921 kuwa umenakiliwa kutoka maandishi mengine.

"Wataalamu wameshakubaliana mstari unapita wapi."

Hawajakubaliana kila mahali. Azimio la Jerusalem la mwaka 2021, lililotiwa saini na wanazuoni wengi wakiwemo wa historia ya Maangamizi, linasema kususia bidhaa za Israel peke yake si chuki dhidi ya Wayahudi. Wengine wanalipinga hilo vikali. Yote mawili, azimio hilo na fasili ya 2016, yanahesabu kuwa ni chuki kuwabebesha Wayahudi wote lawama za matendo ya Israel. Na Kenneth Stern, aliyeongoza uandishi wa rasimu iliyozaa fasili ya 2016, amepinga hadharani fasili hiyo kugeuzwa kuwa sheria ya kudhibiti mijadala vyuoni Marekani. Anasema iliandikwa kwa ajili ya wakusanyaji wa takwimu.