Kabla Kelele Hazijaanza: Mkuu wa Shule na Utulivu wa Darasa

Ukiingia darasa la sekondari ya kata hapa Moshi, iwe Pasua, Njoro au huko juu barabara ya Kibosho, tazama pembe ya ubao kabla ya kitu kingine. Mara nyingi utakuta majina ya wapiga kelele, yameandikwa na monita kwa chaki, mengine yamewekewa alama ya kujumlisha: huyo ameandikwa, akarudia. Mimi ni mkufunzi wa ualimu, na kila msimu wa mazoezi ya kufundisha nazunguka shuleni kukagua vijana wangu. Orodha ile huisoma kwanza kwa sababu inanipa habari za ratiba ya shule kuliko habari za tabia za watoto. Ikiwa ndefu, ukiulizia utaambiwa kipindi kilichopita hakikuwa na mwalimu. Yuko kwenye kikao cha dharura, au amekwenda manispaa kufuatilia madai yake, au kapangiwa vipindi viwili kwa wakati mmoja na hakuna aliyegundua tangu ratiba ibandikwe.

Ndiyo maana naposikia semina ya "nidhamu ya wanafunzi" imeandaliwa, huuliza kwanza kama wakuu wa shule wamealikwa. Utulivu wa darasa, pamoja na amani ya mtoto anayekaa humo, hutengenezwa mapema, na sehemu kubwa hutengenezwa mezani kwa mkuu wa shule. Utafiti umelisema jambo hili kwa muda mrefu, tena kwa njia iliyowashangaza watafiti wenyewe.

Chukua kazi ya Jacob Kounin, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Wayne State, Detroit. Alikuwa akifundisha somo la afya ya akili, akamwona mwanafunzi mmoja anasoma gazeti katikati ya mhadhara. Akamkemea. Kilichomvutia hakikuwa yule msoma gazeti. Ni wengine ambao hawakuguswa lakini walikaa wima ghafla. Akaanza kutafiti karipio: likiwa kali, likiwa la upole, likiwa wazi, linafanya nini kwa wanaolisikia? Baada ya miaka ya kuchunguza, zikiwemo saa nyingi za video zilizorekodiwa madarasani, alichapisha matokeo mwaka 1970. Jinsi mwalimu anavyokaripia haikuweza kutofautisha madarasa tulivu na yenye vurugu. Tofauti ilikuwa kwenye mambo yanayofanyika kabla ya kosa: mwalimu anaonekana kujua kinachoendelea kila kona, anaweza kushughulikia mambo mawili kwa pamoja, somo linatiririka bila kukatwakatwa, na kila mwanafunzi anajua anaweza kuulizwa wakati wowote.

Nasisitiza hilo la kukatwakatwa kwa sababu hapo ndipo vijana wangu wengi wanapoanguka. Kuna mmoja alikuwa akifundisha Baiolojia Kidato cha Pili, mkondo B, darasa limejaa hadi madawati ya nyuma yanagusa ukuta. Alikuwa na maarifa, andalio la somo safi, zana nzuri. Lakini aliandika ubaoni akiwa amewapa mgongo, akisikia mnong'ono anageuka, anauliza "Nani huyo?", anasubiri jibu ambalo halitakuja, anahutubia darasa zima kuhusu wazazi wao wanavyohangaika na nauli za daladala, kisha anarudi ubaoni na kutafuta alipoishia. Kipindi ni dakika 40. Mmoja amenong'ona, na darasa zima limesimamishwa kwa ajili yake. Waliokuwa wanafuata nao sasa wana nafasi ya kuzungumza.

Kipindi kilichofuata, darasa lilelile, aliingia mama mmoja wa Jiografia aliyebakiza miaka michache kustaafu. Alisimama mlangoni wakati watoto wanarudi kutoka maabara, akipokea shikamoo na kutaja majina: "Marahaba, Neema, daftari lako umelipata? Ombeni, leo utagawa vitabu." Swali la kwanza lilikuwa ubaoni tayari. Kijana mmoja alipoanza kumchokoza jirani yake, mama alisogea akasimama kando ya dawati lile huku akiendelea kueleza upepo wa mlimani na wa bondeni, wala hakumtazama. Hakuna aliyetajwa, hakuna aliyepiga magoti. Nilipomwuliza kijana wangu ameona nini, akasema, "Madam anaogopwa." Tulikaa chini ya mwembe muda mrefu kulijadili hilo.

Ustadi wa namna ile unafundishika, na hapo ndipo mkuu wa shule anapoingia. Mwaka 2004 Kenneth Leithwood wa Kanada na wenzake walipitia tafiti nyingi wakahitimisha kwamba kati ya mambo yaliyo ndani ya shule yanayoathiri ujifunzaji, uongozi unashika nafasi ya pili baada ya ufundishaji wenyewe. Sentensi hiyo imenukuliwa kwenye kila hotuba ya mahafali ya viongozi wa elimu, na kwa kawaida inaishia hapo. Swali lenye manufaa ni kiongozi anafanya nini hasa. Viviane Robinson wa Auckland, New Zealand, pamoja na wenzake wawili, walilijibu mwaka 2008 kwa kulinganisha aina za kazi za mkuu wa shule na matokeo ya wanafunzi. Kuhimiza na kushiriki mwenyewe katika mafunzo ya walimu kulipata ukubwa wa athari (kipimo cha nguvu ya jambo katika kubadilisha matokeo) wa 0.84, mara mbili ya kusimamia na kutathmini ufundishaji, ambako kulipata 0.42. Kuweka mazingira yenye utaratibu na msaada kulipata 0.27. Takwimu hizi zimetoka kwenye tafiti chache, nyingi za Marekani, kwa hiyo sizibebi kama maandiko matakatifu. Ila neno "kushiriki" lina uzito. Mkuu wa shule anayekaa kwenye mafunzo pamoja na walimu wake anajua baada ya hapo ni nini cha kuwaondolea njiani.

Hapa kwetu nafasi hiyo ipo tayari. MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, inataka walimu wakutane shuleni kwenye jumuiya za kujifunza wajadili masomo yao. Nimekaa kwenye vikao vya aina mbili. Kimoja mkuu wa shule anafungua, anasisitiza umuhimu, anaomba radhi kwamba ana wageni, anaondoka; nusu saa baadaye walimu wanajadili mkopo wa SACCOS. Kingine mkuu wa shule, mwalimu wa Hisabati, analeta kipindi chake mwenyewe kilichomshinda Kidato cha Tatu na kuuliza wenzake wangefanyaje. Siku ile nilisikia mwalimu wa ajira mpya akikiri mbele ya watu kwamba Ijumaa mchana darasa linamshinda kabisa. Mwalimu wa taaluma akafungua ratiba palepale: kijana alikuwa amepangiwa mkondo mgumu, vipindi viwili mfululizo, baada ya chakula, siku ya mwisho ya wiki. Wakabadilishana. Sijui semina gani ya nidhamu ingeweza kufanya kazi kubwa kuliko ule mkono uliofuta penseli kwenye ratiba.

Sasa fimbo, maana bila kuitaja msomaji wa Moshi ataniona nakwepa. Kanuni zetu, kama zilivyorekebishwa mwaka 2002, zinaruhusu viboko visivyozidi vinne kwa makosa makubwa, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, viandikwe kwenye daftari maalumu. Kwa mujibu wa sheria, basi, fimbo ni jambo la ofisi ya mkuu. Kiuhalisia inatembea mkononi kwa mwalimu wa zamu tangu geti linapofunguliwa, na daftari lile halina kumbukumbu ya hata robo ya kinachotokea. Wazazi nao wanachangia: "Mwalimu, huyu mchape tu, mimi nimekuruhusu." Mzazi hana mamlaka ya kutoa ruhusa hiyo, lakini mwalimu gani atambishia mzee wa kanisa?

Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009, ulionyesha kwamba karibu watatu kati ya wanne walipata ukatili wa kimwili kabla ya kufikisha miaka 18, na walimu walikuwa miongoni mwa waliotajwa sana kuutenda. Je, hali hiyo inabadilika ukiingilia kati? Hapa ndipo pana utamu, kwa sababu majibu ya majirani zetu na yetu hayafanani.

Wilaya ya Luwero, Uganda, shule za msingi 42 zilihusishwa katika jaribio lililokamilika mwaka 2014. Nusu zilipata programu ya shirika la Raising Voices kwa miezi 18. Programu haikuishia kwa walimu. Ilihusisha uongozi, wanafunzi, kamati na wazazi, na shule zikajiwekea malengo yake. Mwishoni, asilimia 31 ya wanafunzi wa shule hizo walisema wamefanyiwa ukatili wa kimwili na mfanyakazi wa shule wiki iliyopita, dhidi ya karibu asilimia 49 kwenye shule nyingine. Watoto walijisikia salama zaidi shuleni. Maksi hazikubadilika, na hilo linafaa kusemwa kwa sauti pande zote mbili: kupunguza fimbo hakukupandisha ufaulu, na wala hakukuushusha, jambo ambalo ndilo hofu kubwa ya walimu wetu.

Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, walijaribu kitu kingine: walimu wakutane kwenye vikundi kwa majuma kadhaa, wajifunze kutawala hasira na kupanga darasa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 hayakuonyesha tofauti ya maana. Kwa upande mwingine, mafunzo ya siku chache yaliyojaribiwa katika sekondari za serikali hapahapa Tanzania, yakaripotiwa mwaka 2018 na Mabula Nkuba na wenzake, yalipunguza ukatili kwa maelezo ya walimu na ya wanafunzi pia. Kambi ya wakimbizi ina mizigo yake ambayo shule ya Kiboriloni hapa Moshi haina, kwa hiyo sitaki kulinganisha kirahisi. Lakini ninavyosoma mimi, ukimfundisha mwalimu peke yake kutuliza hasira kisha ukamrudisha kwenye shule ambayo darasa lina watoto 90, ratiba inagongana na mkuu anamfokea mbele ya wanafunzi kwa kuchelewa, umempa zana bila mahali pa kuitumia. Na hilo la kufokewa si dogo. Namna mkuu anavyomshughulikia mwalimu aliyechelewa asubuhi, utaiona saa mbili baadaye namna mwalimu huyo anavyomshughulikia mtoto aliyechelewa.

Jambo moja kwenye utafiti wa Luwero huwa linarukwa. Watoto 434 walipelekwa kwenye huduma za ulinzi wa mtoto kwa sababu ya waliyowaambia watafiti. Ukimwuliza mtoto anaendeleaje, ukauliza kwa dhati, atakujibu. Huku Kilimanjaro tuna watoto wengi wanaolelewa na bibi wakati wazazi wako Dar es Salaam au Arusha kutafuta. Wengi wanalelewa vizuri sana, wengine wana siri nzito, na mwalimu wa malezi ni huyohuyo mwenye vipindi 28 vya Kiswahili. Kabla mkuu hajatangaza mstarini kwamba mlango wa ushauri uko wazi, awe ameshaongea na afisa ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto la polisi, na namba 116 ya kuwasaidia watoto iwe imebandikwa mahali mtoto anaweza kuisoma bila kuonekana. Kwenye ukuta wa ofisi ya mkuu haimsaidii mtu.

Nimalizie na Januari, kwa kuwa ndipo mwaka unaposhinda au kushindwa. Carolyn Evertson na Edmund Emmer, huko Texas, waliwafuatilia walimu wa darasa la tatu tangu siku ya kwanza ya mwaka wa masomo. Katika matokeo ya mwaka 1980 walionyesha kwamba waliokuwa na madarasa tulivu miezi baadaye ni wale waliotumia wiki za kwanza kufundisha utaratibu kama wanavyofundisha somo: tunaingiaje, tunaombaje ruhusa, ukimaliza kazi unafanya nini. Walieleza, wakaonyesha, wakarudia.

Sasa tazama Kidato cha Kwanza chetu. Wiki ya kwanza wanaripoti nusu. Wengine wanakuja Februari, sare ilikuwa haijapatikana, au mtoto alikuwa bado Dar na mjomba. Mwalimu wa darasa anafundisha utaratibu mara ya kwanza, anakata tamaa mara ya pili, mara ya tatu anamwachia monita na orodha yake. Wakati huohuo zile wiki za mwanzo za kozi ya Kiingereza, ya kuwaandaa wanaotoka shule za msingi, ndizo zenye nafasi, kwa kuwa masomo mengine hayajaanza kubana. Utaratibu wa darasa ungekuwa ndiyo maudhui ya Kiingereza hicho: omba daftari, omba ruhusa, mweleze mwenzako zamu ya kudeki. Kwa wanaochelewa, mkuu apange siku moja ya kuwapokea kila wiki hadi mwisho wa Februari, mwanafunzi wa Kidato cha Pili apewe wageni wawili wa kuwatembeza. Na mwalimu wa darasa wa Kidato cha Kwanza asipangiwe zamu Januari yote. Hilo mkuu anaweza kulifanya Desemba, kabla hajafunga ofisi kwenda kula Krismasi.