Muuaji wa mfululizo si lazima awe "kichwa"

Kwenye filamu huwa hivi: muuaji ana akili za ajabu, anampigia mpelelezi simu usiku, anajua mkewe anafanya kazi wapi, na polisi wote wanacheza ngoma yake. Ndipo watu wakaamini kuwa muuaji wa mfululizo lazima awe kichwa.

Mtazame Dennis Rader wa Wichita, Marekani. Aliua watu 10 kati ya 1974 na 1991, huku akiwatumia polisi na vyombo vya habari barua za majigambo. Akanyamaza miaka mingi, kisha 2004 akaanza tena kutuma barua. Luteni Ken Landwehr, aliyeongoza upelelezi, hakumfukuza kwa bastola. Alimwacha aongee, akimjibu kupitia mikutano na waandishi wa habari.

Sifa zikamlevya. Rader akauliza, tena kwa maandishi: nikituma disketi (kile kifaa cha zamani cha kuhifadhia faili za kompyuta), mtaweza kujua imetoka wapi? Polisi wakamjibu kwa tangazo la gazeti kwamba hakuna shida. Naye akaamini! Februari 2005 disketi ikafika. Ndani yake mlikuwa na mabaki ya faili lililofutwa, yenye jina la kanisa na jina "Dennis". Kutafuta kidogo tu kwenye intaneti kukaonyesha kuwa Dennis Rader ndiye mwenyekiti wa baraza la kanisa hilo. Vinasaba vya binti yake, kutoka sampuli ya hospitali, vikalinganishwa na vile alivyoacha muuaji, vikathibitisha kuwa ndiye.

Alipokamatwa, alimlalamikia Landwehr: mbona ulinidanganya?