Vitabu vya Manabii wa Kiebrania: Dhana Potofu Kuhusu Mpangilio Wake

Dhana: Nabii alitamka lililomjia, na maneno yakaandikwa yalivyotoka.

Sura mbili za kwanza za Amosi zatosha kuipinga dhana hii. Amosi, mtu wa Tekoa katika Yuda aliyehubiri katika ufalme wa kaskazini, yaani Israeli, siku za mfalme Yeroboamu wa Pili, karne ya 8 K.K., anaanza kwa kuyahukumu mataifa jirani, na kila hukumu anaifungua kwa kauli ileile ya makosa matatu, naam, manne. Anaanzia Dameski kaskazini-mashariki, anavuka hadi Gaza kusini-magharibi, anapanda Tiro, anashuka Edomu, kisha anageukia Amoni na Moabu, ambao kitabu cha Mwanzo kinawahesabu kuwa uzao wa Lutu. Mwisraeli aliyesikiliza alikuwa na kila sababu ya kuitikia kwa furaha, kwa kuwa waliohukumiwa walikuwa adui zake. Hukumu ya saba inaiangukia Yuda, na kwa kuwa saba ilikuwa hesabu ya ukamilifu kwa Waebrania, ilikuwa rahisi kudhani kwamba nabii amemaliza. Ndipo inapokuja ya nane, juu ya Israeli yenyewe, ndefu kuliko zote, ikiwataja wanaomuuza maskini kwa jozi ya viatu. Tena, hukumu saba za kwanza zote zina moto utakaoteketeza majumba, lakini ya nane haina moto huo, wala haimaliziki kwa namna zilivyomalizika zile. Anayeisoma hukumu ya Israeli peke yake ataielewa, ila hatanaswa nayo, na naamini kunasa ndiko kulikokusudiwa.

Dhana: Kitabu cha Yeremia kimevurugika kwa sababu hakifuati miaka.

Ni kweli kwamba sura ya 21 iko katika siku za Sedekia, mfalme wa mwisho wa Yuda, Yerusalemu ikikabiliwa na jeshi la Babeli, ilhali sura ya 25 inarudi nyuma hadi mwaka wa nne wa Yehoyakimu, mfalme wa kabla yake, yapata 605 K.K. Hata hivyo, maneno juu ya wafalme wa Yuda yamewekwa pamoja, yakifuatwa na maneno juu ya manabii wa uongo, na ahadi za kurejeshwa zimekusanywa katika sura za 30 hadi 33: waliokipanga walifuata mambo kuliko kalenda. Tafsiri ya kale ya Kiyunani, iliyo fupi zaidi, inaweka hukumu za mataifa katikati ya kitabu, si karibu na mwisho kama Kiebrania tulichozoea, na miongoni mwa magombo ya kale ya Kumrani, karibu na Bahari ya Chumvi, kumeonekana vipande vya Kiebrania vinavyokaribiana na umbo hilo fupi. Kwa hiyo mpangilio wenyewe ulikuwa kazi iliyoendelea kufanywa kwa uangalifu.

Dhana: Kila sura ni kipande kimoja cha unabii.

Mgawanyo wa sura tunaoutumia ni wa karne ya 13, na kwa kawaida unahusishwa na Stephen Langton, Askofu Mkuu wa Canterbury huko Uingereza. Wimbo wa mtumishi ateswaye unaanzia Isaya 52:13, si mwanzo wa sura ya 53. Vivyo hivyo, kiitikio cha hasira isiyogeuka na mkono ulionyoshwa kinarudi mara tatu katika Isaya 9, na mara ya nne iko 10:4, hivyo anayesimama mwisho wa sura anaukata ubeti wa mwisho.

Dhana: Kila kitabu cha nabii kina umbo la kioo, nusu ya pili ikiirudia ya kwanza kinyumenyume.

Umbo hilo lipo. Katika Isaya 6:10 unatajwa moyo, kisha masikio, kisha macho, halafu macho, masikio na moyo, na hakuna anayehitaji kulazimisha jambo. Tatizo huanza pale msomaji anapokigawa kitabu kizima kwa vichwa alivyovitunga mwenyewe, akiziruka aya zisizomfaa, kisha akatangaza kwamba amegundua kiini chake. Ushahidi wenye nguvu ni maneno yaliyorudiwa katika maandishi yenyewe, na yakikosekana, ni haki zaidi kusema kwamba umbo hilo halijathibitika.