Je, wajua kwa nini mhusika mwenye fani mbili anaweza kuwa dhaifu kuliko mwenye fani moja?

Chukua wahusika wawili wa Dungeons & Dragons, wote wako leveli ya 5. Wa kwanza amekuwa mpiganaji tangu siku ya kwanza. Wa pili alianza upiganaji, akafika leveli ya 3, kisha akaona ujanja nao unalipa, akachukua leveli mbili za mjanja, yule mtu wa kufungua vitasa, kunyata gizani na kumchoma adui asiyejiandaa. Ukisoma karatasi zao, wa pili ndiye anayevutia. Karatasi yake imejaa, na kila zamu ana jambo jipya la kujaribu. Lakini jitu likitokea mlangoni, wa kwanza anapiga mara moja na nusu ya mwenzake. Leveli ni zile zile tano kwa kila mmoja. Nguvu zimekwenda wapi?

Kwa ambaye hajawahi kucheza: huu ni mchezo wa mezani uliotoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Mtu mmoja anaendesha hadithi, wengine kila mmoja anaongoza mhusika wake, na jambo lenye mashaka huamuliwa kwa kurusha dadu, hasa ile ya pande 20. (Hapa Moshi, ukimuaga mama kwamba unakwenda kwa wenzako kurusha dadu, jiandae kueleza kwa kirefu kuwa si kamari.) Kila mhusika ana fani yake, yaani kazi inayoamua anaweza kufanya nini. Kitabu cha wachezaji cha mwaka 2014 kina fani 12, kuanzia mpiganaji na kuhani hadi malenga na wachawi wa aina tatu, na safari nzima ni leveli 1 hadi 20. Kila unapopanda leveli, unaweza kuiweka kwenye fani uliyo nayo au kufungua mpya. Kikundi chetu hukutana Jumapili baada ya ibada, maeneo ya Rau, na sijaona tukiunda wahusika bila mtu mmoja kutaka fani tatu kwa mpigo.

Tamaa hiyo inaeleweka. Kinachomponza ni kwamba mchezo unamhesabia leveli zake kwa namna mbili. Kuna mambo machache yanayoangalia jumla ya leveli zote. Bonasi ya umahiri, yaani namba unayoongeza kwenye dadu unapofanya jambo unalolimudu, ni mojawapo: ni 2 mwanzoni, inakuwa 3 ukifika leveli ya 5, hadi 6 kuanzia leveli ya 17, na haijali umefikaje huko. Mengine karibu yote yanaangalia leveli za fani moja moja. Ukiwa na tatu huku na mbili kule, mchezo haukuoni kama mtu wa leveli ya 5. Unakuona kama mpiganaji mchanga aliyebeba mjanja mchanga zaidi.

Tufanye hesabu kwa kanuni za 2014. Wote wawili wameanza na wepesi wa alama 16, unaotoa bonasi ya 3, na wote wanatumia upanga mwembamba wenye dadu ya pande 8, wastani wake 4.5. Mpiganaji akifika leveli ya 4 anapewa nyongeza ya sifa, hivyo wepesi wake unapanda hadi 18 na bonasi inakuwa 4. Leveli ya 5 anaanza kupiga mara mbili kwa zamu. Mapigo yote yakiingia, ni 8.5 mara mbili, yaani 17. Mwenzake hajafikisha leveli 4 katika fani yoyote, kwa hiyo nyongeza hana. Hajafikisha 5, kwa hiyo pigo ni moja, 7.5. Ujanja unampa pigo la kuvizia, dadu moja ya pande 6, wastani 3.5. Jumla 11. Na hilo la kuvizia nalo lina masharti, kwa kawaida mwenzake mmoja awe amesimama jirani na adui, au yeye mwenyewe awe katika hali inayomruhusu kurusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa.

Sasa wapandishe hadi leveli ya 8, ila safari hii mchanganyaji asubiri. Amalize leveli tano za upiganaji kwanza, ndipo achukue tatu za ujanja. Ana mapigo mawili ya 8.5, na pigo la kuvizia limekua hadi dadu mbili za pande 6, wastani 7. Jumla 24. Mpiganaji mtupu wa leveli ya 8 ameshafikisha wepesi wa 20, kwa hiyo anapiga 9.5 mara mbili: 19. Mambo yamepinduka! Fani ni zile zile mbili, kilichobadilika ni wakati wa kuvuka. Mpiganaji mtupu ana vyake pia, maana uhai wake ni mwingi kidogo, mapigo yake yanalenga vizuri zaidi, na ana nyongeza nyingine mkononi. Lakini mwenzake, kila zamu, anaweza kukimbia, kujificha au kuchomoka kwenye vurugu bila kupoteza pigo, na mimi ningemchagua yeye.

Leveli ya 5 ndiyo bonde ambalo wengi hutumbukia. Waliotunga toleo la 2014 waliweka pale faida kubwa kwa karibu kila mtu. Mpiganaji, paladini (askari mtakatifu wa kiapo), mtawa, mlinzi wa pori na yule shujaa wa ghadhabu wote wanapata pigo la pili hapo. Mchawi msomi anafungua uchawi wa ngazi ya tatu (ngazi ni ukubwa wa uchawi, si leveli ya mhusika), ukiwemo mpira wa moto, dadu nane za pande 6 kwa kila aliye ndani ya mduara, wastani 28. Ukiondoka kwenye fani yako ukiwa leveli ya 3 au 4, wenzako watavuka na wewe utabaki ukiwasindikiza kwa leveli mbili tatu. Kwenye meza inayocheza mara moja kwa wiki hiyo ni miezi. Ndiyo maana swali la kwanza ninalomuuliza dogo anayetaka kuchanganya ni hadithi yetu itaishia leveli ya ngapi. Kama mwendesha mchezo anapanga kuimaliza kwenye 6 au 7, huo mchanganyiko wako mzuri wa leveli ya 12 utabaki kwenye daftari.

Mambo yanayokua kwa jumla ya leveli ndiyo mlango wa wajanja wa kanuni. Vichawi vidogo, vile visivyogharimu chochote na unavyovitumia siku nzima, vinakua namna hiyo. Mchawi wa mkataba, yaani aliyepata uwezo kwa kuingia makubaliano na kiumbe fulani wa ajabu, ana mshale wa kichawi wa dadu ya pande 10. Leveli ya 5 inakuwa mishale miwili, leveli ya 11 mitatu, leveli ya 17 minne, na jumla ndiyo inayohesabiwa. Kwa kanuni za 2014, leveli mbili tu za fani hiyo zinatosha kuongeza bonasi yako ya haiba kwenye kila mshale. Basi mtu anaonja mbili, anahamia kwa mchawi wa kuzaliwa au malenga, na mshale unaendelea kunenepa kana kwamba hajaondoka. Mchanganyiko huu umechezwa hadi umechosha, lakini ukiujua utaelewa kwa nini fani nyingine watu huionja kwa leveli moja au mbili tu na nyingine haionjeki.

Upande wa uchawi una mtego wake. Ukichanganya mchawi msomi 5 na kuhani 5, nafasi zako za kufanyia uchawi, yaani mara unazoweza kuufanya kabla ya kupumzika, zinajumlishwa kama mtu wa leveli ya 10, na hata ngazi ya tano unazo. Uchawi wenyewe unaoruhusiwa kuujua unaishia ngazi ya tatu kila upande. Mwenzako aliyebaki fani moja anafanya mambo ya ngazi ya tano, wewe unatumia nafasi za ngazi ya tano kurusha mpira wa moto uliotiwa chumvi. Sikatai, ni mpira wenye heshima. Paladini ndiye aliyezijulia nafasi hizo, kwa sababu haitaji uchawi mpya wa kuzijaza, anaziunguza moja kwa moja kuongezea pigo la upanga wake. Paladini 6 aliyechukua leveli 4 za mchawi wa kuzaliwa anahesabiwa kama mchawi wa leveli ya 7, kwani upaladini huhesabiwa nusu. Hapo ana nafasi tatu za ngazi ya tatu na moja ya ngazi ya nne. Paladini mtupu wa leveli ya 10 ana mbili za ngazi ya tatu, basi. Tena kwa kuvuka baada ya leveli ya 6, amekwisha kuchukua pigo la pili na ile hali yake ya kuwaongezea wenzake walio karibu bonasi ya haiba kila wanaporusha dadu kujiokoa na balaa.

Haiba hiyo ndiyo sababu nyingine ya wawili hawa kukaa pamoja. Paladini anaihitaji, mchawi wa kuzaliwa naye anaihitaji, kwa hiyo alama moja inawalisha wote wawili. Kanuni yenyewe inadai walau alama 13 katika sifa kuu za fani unayotoka na unayoingia. Ukipewa mgao wa kawaida wa 15, 14, 13, 12, 10 na 8, halafu ukataka paladini pamoja na mchawi msomi, unalazimika kuweka tatu za juu kwenye nguvu, haiba na akili. Ustahimilivu unabaki na 12, na wewe ndiwe unayesimama mbele kupigwa. Kihamba cha Mchagga kinaonyesha jambo hili vizuri: mgomba unasimama juu, kahawa iko chini yake inakula kivuli, na hakuna anayemnyang'anya mwenzake nafasi, ila ukishindilia migomba miwili kwenye shimo moja hutapata mikungu miwili. Paladini 5 na mlinzi wa pori 5 ni migomba ya namna hiyo. Kila mmoja analeta pigo lake la pili, lakini kanuni zinasema mapigo hayo hayajumlishwi, na umetumia leveli kumi kununua kitu kimoja mara mbili. Shujaa wa ghadhabu na mchawi yeyote ni kesi nyingine iliyokwisha amuliwa, kwa kuwa akiwa na ghadhabu haruhusiwi kufanya uchawi.

Halafu kuna suala la nani atangulie. Fani ya kwanza inakupa vitu ambavyo ya pili haikupi: umahiri wa kujiokoa na ruhusa kamili ya deraya. Mchawi anayeanza kama mpiganaji kwa leveli moja anavaa deraya nzito, na anapata umahiri wa ustahimilivu unaomsaidia kutopoteza uchawi alioushikilia anapopigwa. Akianza uchawi kisha aingie upiganaji, deraya nzito haipati na umahiri ule haupati. Gharama ya kutanguliza upiganaji ni kwamba mpira wa moto utamfikia leveli ya 6 badala ya 5. Kwangu hiyo ni bei nzuri. Kuna dada kwenye kikundi chetu ambaye hakubali hata kidogo, na kila tukibishana ananiuliza mchawi aliyekaa nyuma ya wenzake anapigwa na nani.

Zamani hata huo uhuru wa kuvuka leveli kwa leveli haukuwepo. Kwenye kanuni za mwishoni mwa miaka ya 1970, binadamu aliyetaka fani ya pili aliiacha ya kwanza moja kwa moja, na alihitaji alama 15 katika sifa kuu ya fani anayoiacha na 17 katika ile anayoiendea. Wasio binadamu, kama mbilikimo na wale viumbe wa hadithi waitwao “elf”, waliweza kuendesha fani mbili au tatu kwa pamoja tangu mwanzo, lakini pointi za uzoefu ziligawanywa kati ya fani hizo. Mtindo wa sasa ulikuja na toleo la tatu mwaka 2000.

Toleo lililorekebishwa la 2024 limeziba baadhi ya matundu. Fani ndogo ndani ya fani, yaani ile njia maalumu unayoichagua, sasa zinaanzia leveli ya 3 kwa kila fani, kwa hiyo kuonja leveli moja hakukupi zile zawadi nono za zamani. Pigo la paladini la kuunguza nafasi limegeuzwa kuwa uchawi unaotumika mara moja tu kwa zamu. Kabla hujaanza kupanga, uliza meza yenu inafuata kitabu kipi. Na kama ni cha 2014, uliza swali moja zaidi, kwa sababu kitabu hicho kinasema wazi kwamba kuchanganya fani ni kanuni ya hiari, na mwendesha mchezo ana haki ya kukwambia hapa kwetu hatuchanganyi.