Kuwafuata gorila wa Bwindi: kibali, matope na mita kumi

Kabla ya kulipia hoteli, soma kibali chako cha kuwaona gorila kimeandikwa sekta gani. Msitu wa Bwindi, kusini-magharibi mwa Uganda, una sekta nne za kuanzia safari: Buhoma, Ruhija, Rushaga na Nkuringo. Kwenye ramani ni majirani, lakini barabara huuzunguka msitu ikipanda na kushuka milima, na kutoka Buhoma hadi Rushaga ni saa kadhaa ndani ya gari. Maelezo kwa wageni hutolewa saa mbili asubuhi. Ukilala upande usio wako, utafika wenzako wameshaondoka.

Tangu Julai 2024 mgeni wa kutoka nje hulipa dola 800 kwa kibali. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hulipa shilingi 300,000 za Uganda, kwa hiyo Mkenya au Mtanzania asisahau pasipoti. Kila familia ya gorila hutembelewa na watu wanane tu kwa siku, na aliye chini ya miaka 15 haruhusiwi.

Wafuatiliaji huingia msituni alfajiri, wakianzia pale familia ilipoachwa jana. Kwanza wanatafuta viota, maana gorila hutandika kiota kipya kila usiku. Kutoka hapo wanafuata majani yaliyolala, mashina yaliyomenywa na kinyesi kibichi, kisha wanamwarifu mwongozaji kwa redio. Familia huenda inakotaka, ndiyo maana safari yaweza kuchukua saa moja au sita. Asikudanganye mtu kwamba anaijua iliyo karibu.

Vaa buti zenye meno, suruali iliyochomekwa ndani ya soksi ndefu (siafu hawana huruma), shati la mikono mirefu na glavu nene za bustani. Mtu akiteleza hushika mmea wa kwanza anaouona, na mara nyingi ndio wenye miiba au unaowasha. Beba angalau lita mbili za maji. Mpagazi mchukue hata kama begi lako ni jepesi: kwenye mteremko wa matope mkono wake ndio ngazi yako, na ujira wake unabaki kijijini.

Sheria ninayoomba iheshimiwe kuliko zote ni kukaa mita 10 kutoka kwa gorila na kuvaa barakoa. Gorila hupata magonjwa yetu ya njia ya hewa, na mwaka 1996 upele uliingia katika familia moja ya Bwindi na kuua mtoto. Ukiwa na kikohozi au homa, sema kabla ya kuondoka. Mtoto wa gorila akikusogelea, rudi nyuma polepole; usimguse. Dume mkubwa akikujia kwa kishindo, usikimbie: chutama, inamisha macho, msikilize mwongozaji. Mara nyingi anakutisha tu.

Saa yenu moja ya kukaa na gorila huanza mkishawafikia, nayo haisimami familia ikihama. Zima taa ya kamera. Manyoya meusi huidanganya kamera ikaongeza mwanga, uso ukapauka. Punguza mwangaza kwa hatua moja, piga picha chache, halafu ishushe kamera uangalie kwa macho yako.