Kufungua spika si tiba: muziki na sonona

"Mfungulieni muziki achangamke." Kauli hii, jijini Mwanza, ukiikosa Igoma utaisikia Nyegezi. Kijana haongei, hali chakula, wiki ya tatu sasa, usiku hapati usingizi. Mjomba analeta spika kubwa na kuweka singeli, kisha anashangaa mgonjwa wa sonona, yaani huzuni nzito inayodumu, amejifungia chumbani. Nia ya mjomba ni njema, ila ameshika dhana zaidi ya moja isiyo sahihi.

Dhana: muziki wowote ukipigwa ni tiba ya muziki.
Redio ya dukani ni burudani, na burudani ina faida zake. Tiba ya muziki ni kazi ya mtu aliyeisomea, anayekutana na mgonjwa kwa ratiba na kwa lengo, na mara nyingi mgonjwa mwenyewe ndiye mpigaji. Katika utafiti wa Finland uliochapishwa mwaka 2011, watu 79 wenye sonona waliendelea na matibabu yao ya kawaida, na baadhi wakaongezewa vipindi 20 vya muziki, saa moja kila kimoja. Vipindini kulikuwa na ngoma na ala za kugonga, na mtaalamu alipiga pamoja na mgonjwa. Haikuhitajika kujua muziki. Mgonjwa aligonga kadiri alivyojisikia, mtaalamu akamfuata, kisha wakazungumza juu ya kilichojitokeza. Baada ya miezi 3, walioongezewa muziki walikuwa na nafuu zaidi. Kufikia miezi 6, tofauti ilikuwa imepungua. Nalitaja hili kwa makusudi, maana wauzaji wa "sauti za uponyaji" mitandaoni hawalitaji kamwe.

Dhana: mwenye huzuni apigiwe nyimbo za furaha.
Hapa ndipo mjomba alipoteleza. Mtu aliyeelemewa akipigiwa wimbo wa shangwe huona kama anaambiwa ajikaze. Wataalamu wengi huanza na muziki unaolingana na hali aliyonayo, hata kama ni wa polepole na mzito, halafu hubadilisha mwendo kidogo kidogo kadiri anavyokubali.

Nyimbo za huzuni nazo si salama kwa kila mtu. Yupo atakayelia, akajisikia amepata mwenzake, akatulia. Yupo atakayerudia wimbo uleule wa kuachwa mpaka alfajiri huku akitafuna mawazo yaleyale, na huyo muziki unamzidishia. Muulize baada ya wimbo kuisha: kifua kimekuwa chepesi au kimezidi kubana? Jibu lake lina uzito kuliko orodha ya nyimbo utakayomwandalia wewe.

Dhana: tiba ya muziki ni mambo ya Wazungu.
Nchini Gambia, wajawazito 124 walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Baadhi yao waliimba kwa wiki 6 wakiongozwa na vikundi vya wanawake wa hukohuko, kwa nyimbo za kwao, na dalili za msongo na huzuni zikapungua. Ulikuwa utafiti mdogo wa kujaribia, lakini hapakuwa na piano wala Mzungu wa kuongoza.

Kwetu watu hukimbilia kutaja bugobogobo: "Wasukuma walikuwa na tiba hii zamani." Taratibu. Bugobogobo ni ngoma ya jembe, na ilichofanya vizuri ni kuwaweka watu kwenye mdundo mmoja ili kazi isiwachoshe. Kupiga na wenzako kuna nguvu, sibishi. Lakini ngoma ya mashindano, kama zile za Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma pale Bujora, ina watazamaji wanaopima nani kacheza vizuri. Kumsukuma mgonjwa wa sonona katikati ya uwanja ule ni kumwaibisha. Mwache akae pembeni, ashike manyanga akitaka, aondoke akichoka.

Dhana: mwanakwaya hapati sonona.
Anapata. Anaweza kuimba sauti ya tatu Jumapili bila kukosea na Jumatatu asiweze kutoka kitandani. Msimhukumu kwamba imani imepungua.

Dhana: ukianza muziki, acha dawa.
Usiache. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla nafuu haijaonekana, na kuziacha ni jambo la kupanga na daktari. Muziki huongezwa juu ya matibabu.

Waliosomea tiba ya muziki nchini ni wachache mno, kwa hiyo anza na afya ya akili yenyewe: kituo cha afya kilicho karibu, hospitali ya Sekou Toure, au Bugando kwa rufaa. Dalili zikizidi wiki 2 usingoje. Nyumbani, mwache achague wimbo mwenyewe, punguza sauti, kaa naye bila kushika simu. Na akianza kusema maisha hayana maana, au akazungumzia kufa, zima muziki, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua, usimwache peke yake, na mpeleke hospitali siku hiyohiyo.