Nasaba za Kiarabu: yasemwayo barazani na yasomwayo kwenye hati

Anayetafuta asili ya ukoo wa Kiarabu, awe Unguja, Mombasa, Maskati au Tarim, huanza na vitu viwili: jina la mwisho na maneno ya wazee. Vyote viwili ni vya thamani, na wazee wahojiwe mapema maana hawatungoji. Lakini zipo dhana zilizokaa vichwani mwa watu kwa miaka mingi ambazo hupoteza kazi nzuri tangu hatua ya kwanza.

"Jina la mwisho ndilo kabila"

Jina la mwisho ni nisba, na nisba humfunga mtu na kabila, mji, kazi au babu mmoja tu. Al-Harthi na al-Mazrui ni nisba za kabila. Al-Qumri ni mtu wa Komoro, na al-Shirazi inataja mji wa Shiraz, si kabila. Wanaojikwaa zaidi ni wanaochanganya al-Barwani na al-Barawi. Kwa herufi za Kirumi zinakaribiana sana, ilhali al-Barwani ni wa Barawina, tawi la kabila la Harthi la Sharqiyya ya Oman, na al-Barawi ni mtu wa mji wa Barawa, Somalia.

Tatizo lingine ni kutafuta nisba kama ilivyo kwenye kitambulisho. Vitabu na hati za Oman hulitaja kabila kwa wingi wake, na wingi wa Kiarabu hubomoa neno na kulijenga upya. Mazrui utamkuta chini ya al-Mazari, Harthi chini ya al-Hirth, Nabhani chini ya al-Nabahina, Kharusi chini ya Bani Kharus, Riyami chini ya Bani Riyam, na Busaidi chini ya Al Bu Said. Hiyo "Al" ya Bu Said ni neno lenye maana ya watu wa nyumba fulani, wala si ile "al-" ya kawaida inayotangulia nisba. Kwa Kiarabu zinaandikwa tofauti. Kwa Kirumi tofauti hiyo inapotea.

Halafu kuna ngazi za ukoo. Al-Mawardi, mwanasheria wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1058, alizipanga sita: shaabu, kabila, imara, batni, fakhdhi na fasila. Mfano wake ni huu: Adnan ni shaabu, Mudhar ni kabila, Kuraishi ni imara, Bani Abd Manaf ni batni, Bani Hashim ni fakhdhi, Bani Abbas ni fasila. Mtu wa hiyo fasila ni wa ngazi zote sita kwa pamoja, na anaweza kujiandika kwa yoyote kati ya hizo. Ndiyo maana mtu mmoja huonekana al-Barwani kwenye hati ya Unguja na al-Harthi kwenye barua ya Oman. Mtafiti asiyejua hilo humgawa mtu mmoja kuwa wawili.

Majina ya pwani nayo yana mtego wake. Mshihiri kwa asili ni mtu wa bandari ya Shihr, lakini hapa kwetu neno hilo walibandikwa Wahadhrami wote, yaani watu wa Hadhramaut, Yemen. Babu aliyeandikwa "Mshihiri" huenda alitoka Seyun, Shibam au Wadi Doan, na ukimtafuta Shihr peke yake utarudi mikono mitupu. Mmanga hali kadhalika: neno hilo linakwambia alitoka Uarabuni, halikwambii kabila lake.

"Kila Seyyid ni sharifu"

Hapana. Watawala wa Busaidi waliitwa Sayyid kwa heshima ya ukoo unaotawala, na nasaba yao inapelekwa kabila la Azd, upande wa Qahtan, yaani Waarabu wa kusini (Adnan ni wa kaskazini). Hawakudai kutokana na Mtume. Hadhramaut ndiko sayyid maana yake ni wa kizazi cha Mtume, na masharifu wa Ba Alawi hupeleka nasaba yao kwa Ahmad bin Isa, aliyeitwa al-Muhajir, aliyeondoka Basra mwaka 317 Hijria (929) na kuishia Hadhramaut. Jamalilil, al-Saqqaf na Bin Sumeit, nyumba zinazojulikana sana pwani, ni za shina hilo. Kwa nyumba hizi kumbukumbu ni nyingi kuliko kwa makabila mengi: wana vitabu vyao vya shajara, yaani miti ya ukoo, na jumuiya iliyoundwa Batavia (Jakarta ya leo) mwaka 1928 iliendelea kuweka daftari la nasaba kwa walioko Indonesia. Kwa hiyo mtu wa nyumba hizi aanze kwa kutafuta tawi lake kwenye shajara iliyokwisha kuandikwa, kabla ya kuchora yake.

Kiambishi "Ba" cha Kihadhrami hakionyeshi daraja la mtu. Kinamaanisha kizazi cha fulani. Bafadhil na Bawazir ni koo za mashekhe, Ba Alawi ni masharifu. Na si kila jina lenye "Ba" limo: Bakari ni Abubakar, na Bashir ni jina kamili.

Na "Sultan" ndani ya jina la Said bin Sultan (aliyetawala Oman na Zanzibar 1806 hadi 1856) si cheo. Ni jina alilopewa baba yake, Sultan bin Ahmad, alipozaliwa. Wapo wanaolifuta kwenye shajara wakidhani ni pambo, na wakilifuta kizazi kizima kimeondoka.

"Tahajia ya Kirumi inatosha"

Chukua jina "Hamed" kwenye karatasi ya zamani ya ofisi. Laweza kuwa Hamad (ha, mim, dali) au Hamid (ha, alifu, mim, dali), na karani mwenye haraka aliweza kuandika hivyo hata kwa Ahmad, ambaye alifu yake iko mwanzoni. Hao ni watu watatu tofauti. "Nassor" yaweza kuwa Nasir au Nasr. Ain hupotea, ha mbili huwa moja, sad na sin huwa moja. Tafuta mahali popote ambapo mtu huyo aliandikwa kwa Kiarabu: hati ya ndoa, barua, sahihi ya shahidi. Kwa kila mtu weka kadi yenye jina kwa Kiarabu, jina kwa Kirumi kama lilivyoandikwa bila kulisahihisha, chanzo chake na mwaka. Unapopiga picha hati, piga ukurasa mzima, pambizo na nyuma yake, kwa sababu mashahidi huandikwa chini au pembeni, na shahidi mara nyingi ni ndugu.

"Mtoto wa suria hayumo kwenye nasaba"

Dhana hii imeumiza watu wengi, nayo haina msingi. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake ni huru, ni wa nasaba ya baba, na anarithi sawa na mtoto wa mke wa ndoa. Mama yake Sayyid Majid, mwana wa Said bin Sultan, alikuwa Mcherkesi na mama yake Sayyid Barghash, ndugu yake kwa baba, alikuwa Mhabeshi, masuria wote wawili, na wana wao walikalia kiti cha Zanzibar mmoja baada ya mwingine. Kwenye hati mama wa namna hiyo huitwa ummu walad. Neno hilo likionekana, umempata bibi ambaye shajara ilimwacha.

Walioachwa huru bila kuwa watoto wa bwana ni suala jingine. Wengi wao walichukua nisba ya bwana, na kwenye maandishi hutambulika kwa maneno kama atiki, maatuki au mawla. Nisba hiyo ni ya uhusiano wa kisheria na wa kijamii, si ya damu. Yaandikwe kama yalivyo, kwa heshima. Anayelifuta neno hilo ili shajara ipendeze anamfuta babu yake halisi na kujipachika kwa babu wa watu wengine, na kutoka hapo utafiti wake hauwezi kuendelea nyuma hata hatua moja.

"Shajara ndefu ndiyo ya kweli"

Urefu hauthibitishi kitu. Mwanahistoria Ibn Khaldun, katika karne ya 14, alipima shajara kwa hesabu ya vizazi vitatu kwa kila miaka 100, na kipimo hicho bado kinafaa. Shajara ya miaka 1,000 itegemewe kuwa na majina kama 30. Ikiwa na 15, kila baba angekuwa na miaka kama 67 kwa wastani alipompata mwana. Hapo majina yamerukwa.

Kipimo hiki hutumika kwenye msururu mrefu, si kwa baba na mwana mmoja. Sayyid Khalifa bin Harub bin Thuwaini bin Said alizaliwa mwaka 1879, miaka 88 baada ya Said bin Sultan, hatua tatu, yaani miaka 29 kwa kila hatua. Lakini Barghash, mwana wa Said huyohuyo, alizaliwa mwaka 1837, Said akiwa na miaka 46. Matawi ya nyumba moja huachana kwa vizazi viwili bila kosa lolote.

Kurukwa kwa majina kuna sababu ya kawaida kabisa. Wajukuu hupewa majina ya babu zao, basi msururu husomeka Said bin Sultan bin Said bin Sultan. Jicho la mnakili hutoka kwenye Said wa kwanza likatua kwenye wa pili, na vizazi viwili vinatoweka. Popote jina linapojirudia karibu, tafuta nakala ya pili.

Miaka nayo huharibu hesabu. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo kutoa au kujumlisha 622 peke yake ni kosa. Zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97 kisha jumlisha 622: mwaka 1300 hutoa 1883, na kweli ulianza tarehe 12 Novemba 1882. Mzee aliyefariki na miaka 66 ya Hijria alikuwa na miaka 64 ya kizungu.

"Hinawi ni Qahtan, Ghafiri ni Adnan"

Hinawi na Ghafiri ni kambi za kisiasa zilizotokana na vita vya ndani vya Oman katika karne ya 18. Zilichukua majina ya Bani Hina na Bani Ghafir, kabila za viongozi wawili waliouawa Sohar mwaka 1728. Makabila yalijiunga kwa maslahi na ujirani. Kambi inakueleza babu yako alipigana pamoja na nani, basi.

"Kipimo cha DNA kitamaliza ubishi"

Kromosomu Y hupita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, hivyo inaeleza mstari mmoja tu. Ukirudi vizazi 10 una nafasi 1,024 za mababu na mabibi, na kipimo hicho kinamgusa mmoja wao. Kundi la J1, moja ya makundi ya kromosomu hiyo, ni la kawaida Uarabuni, lakini limeenea pia Kaukasi na Pembe ya Afrika, kwa hiyo kupatikana nalo hakumfanyi mtu kuwa wa kabila fulani. Kinachofaa ni kulinganisha: wapime wanaume wawili wa matawi ya mbali ambayo shajara inasema yalikutana kwa babu mmoja. Wakilingana kwa kiwango cha umri huo, babu huyo amepata ushahidi. Wasipolingana, kuna tawi ambalo halikuingia kwa njia ya damu, na huenda ni kwa kulelewa, kwa uhuru au kwa kuungana na kabila.

Utafiti wa DNA ya kale uliochapishwa mwaka 2023, uliohusu watu 80 wengi wao wa miji ya pwani kama Mtwapa na Kilwa, ulionyesha kuwa wengi wao nusu au zaidi ya asili yao ilitoka Afrika, hasa kwa mama, na kwamba sehemu ya Asia ya zamani zaidi ilitoka hasa kwa wanaume wa Uajemi. Simulizi za mababu waliotoka Shiraz, Uajemi, zilizodharauliwa kwa muda mrefu zilipata uzito, na mabibi wa Kiafrika wasiotajwa kwenye shajara wakaonekana.

"Pasipo shajara hakuna nasaba"

Karatasi ya mirathi aliyoigawa kadhi huweza kueleza zaidi ya shajara, kwa sababu mafungu ya faraidhi, yaani mgawo wa urithi wa Kiislamu, hayatoki hewani. Mke akipata thumni (moja ya nane), marehemu aliacha watoto au wajukuu kwa mwana. Akipata robo, hakuacha. Wake wakiwa zaidi ya mmoja hugawana thumni hiyohiyo.

Tuseme hati inasema: mke thumni, binti nusu, na thumni tatu zilizobaki kwa mtoto wa ami. Soma tena polepole. Binti ni mmoja, maana wawili wangepata thuluthi mbili. Hakuna mwana wa kiume. Wazazi wa marehemu wamekwisha kufa, kwani mama asingekosa sudusi (moja ya sita) yake. Hakuna kaka wa baba mmoja, wala dada wa baba mmoja, kwa sababu dada akikutana na binti huchukua kilichobaki. Hakuna mtoto wa kiume wa kaka, wala ami aliye hai. Na huyo mtoto wa ami, akiwa asaba, yaani ndugu wa upande wa baba anayechukua kilichobaki, anakuthibitishia kuwa baba yake na baba wa marehemu ni wana wa babu mmoja. Hayo yote yamo ndani ya mistari mitatu, na majina ya wanawake yameandikwa kamili, binti fulani bin fulani.

Hati za wakfu hufuata njia nyingine. Huorodhesha wanaonufaika kizazi baada ya kizazi, na kabla ya hapo hueleza mali kwa mipaka yake minne. Usiiruke sehemu ya mipaka. Inaposema upande wa kibla shamba linapakana na shamba la Nasir bin Hamad wa nisba ileile, umepata ndugu wa kumtafuta. Nyaraka za Taifa Zanzibar, Kilimani, zina barua na hati za Kiarabu za enzi za masultani. Masuala ya wakfu yana kamisheni yake hukohuko Zanzibar. Na kwa upande wa Oman iko mamlaka ya taifa ya nyaraka na kumbukumbu, Maskati. Unapokwenda chukua jina la shamba au mtaa, majina ya watu kwa herufi za Kiarabu, na miaka kwa kalenda zote mbili, ukiacha nafasi ya miaka miwili huku na huku.